Posho

Muuzaji aliniambia unga ule unatibu magonjwa mia tatu. Nikamwomba anitajie kumi tu. Alipofika la saba, presha, akakwama, akacheka, akasema, "Mdogo wangu, umekuja kununua au umekuja kunisahihishia mtihani?" Nikalipa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, pembeni mwa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Kopo lilikuwa la plastiki, gramu 250, rangi ya kijani, limechorwa jani la mlonge. Chini ya jani kulikuwa na neno moja la Kiingereza, superfood, ambalo muuzaji alilitamka supafudi, na mimi nitaliandika hivyo kuanzia hapa. Mezani pake zilikuwepo supafudi nyingine: unga wa ubuyu, mbegu za chia, mbegu za maboga, rozela iliyokaushwa, tangawizi ya unga, unga wa lishe wa nafaka saba. Hatua kumi kutoka pale, mama mmoja alikuwa ametandaza mchicha na matembele juu ya kiroba. Yeye hakuwa na lebo yoyote.

Unga haukuwa wangu. Dada yangu alikuwa na ujauzito wa miezi sita, na wiki ile kliniki walimpima damu wakakuta 9.1. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza siku nne, choo kikafunga, kichefuchefu kikarudi, akaviweka kabatini. Kazini kwao mtu akamweleza habari za mlonge. Akanitumia hela kwenye simu na ujumbe mfupi: "Nipitie Kariakoo unichukulie ule wa kijani. Usimwambie mama kwamba nimeacha vidonge."

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Sijui lishe zaidi ya mtu yeyote aliyefaulu baiolojia ya kidato cha nne. Lakini muhula ule nilikuwa nasoma kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, na niliposimama pale na kopo mkononi, nilishtuka kwamba nanunua chakula cha miujiza mahali ambapo jina lake lenyewe limetokana na watu waliokufa kwa kulishwa vibaya.

Wengi wetu tunajua nusu ya hadithi hiyo. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakaikuta sehemu hii ikiwa na jengo lililoachwa na Wajerumani, wakaigeuza kambi ya wapagazi. Vita vilipokwisha jengo likawa soko, mwaka 1923, na jina la kambi likabaki. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo. Nusu tunayoiruka ni kile ambacho wapagazi wale walikuwa wanakula.

Vita vya huku havikuwa vita vya mahandaki kama vya Ufaransa. Vilikuwa vita vya kufukuzana, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi Lindi na kuvuka Ruvuma. Barabara hazikuwepo, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Iliyobaki ni shingo ya mwanadamu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 25. Sasa piga hesabu: mpagazi huyo naye anakula. Akila kilo moja ya unga kwa siku, mzigo wake wote anaweza kuumaliza yeye mwenyewe chini ya mwezi mmoja, na askari aliye mbele bado hajapata kitu. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo wapagazi walivyohitajika wengi zaidi, na kadiri walivyokuwa wengi ndivyo chakula kilivyopungua. Kwa hiyo posho ya mpagazi ililazimika kuwa kitu chepesi, cha bei nafuu, kisichooza. Ikawa unga wa mahindi.

Kwenye karatasi posho hiyo ilikuwa na maharage, mafuta na chumvi. Njiani mara nyingi kilichofika ni unga. Watu waliozoea mtama, ulezi, muhogo au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika usiku wakiwa wamechoka, kwa kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi, wakaula nusu mbichi. Waganda waliozoea matoke waliumia sana. Tumbo likiharibika mtu hafyonzi hata kile kidogo alichokula, na asipofyonza hana nguvu ya kupambana na ugonjwa unaofuata. Ugonjwa ulioua wengi ulikuwa kuhara damu, ukifuatiwa na nimonia na malaria. Takwimu rasmi za Waingereza zilihesabu vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba walikaribia laki moja. Waliokufa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo.

Neno posho limetembea sana tangu wakati ule. Uganda na sehemu za Kenya posho ni ugali wenyewe. Kwetu Tanzania posho ni bahasha ya semina, hela ya kikao, kile ambacho mtu huulizia kabla hajauliza mada. Nadhani ni haki kukumbuka kwamba ilikuwa pia chakula cha mtu ambaye hakuulizwa anataka kula nini.

Nililiweka kopo kwenye begi, nikaamua kutembea kwa miguu hadi Posta badala ya kupanda mwendokasi. Nilipita Mtaa wa Uhuru, nikakata Mnazi Mmoja, nikaingia Samora. Kwenye makutano ya Samora na Azikiwe kuna yule askari wa shaba, bunduki mbele, anaelekea bandarini. Sanamu iliwekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja askari Waafrika na yanawataja pia wapagazi, lakini anayeonekana juu ni askari peke yake, na hakuna jina hata moja la mtu. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Miezi mitatu baadaye Soko la Kariakoo liliungua moto. Nakumbuka jinsi habari ya moto ilivyojaa kwenye kila simu. Ile ya radhi sikumsikia mtu akiizungumzia.

Sasa nirudi kwenye neno lililo kwenye kopo.

Neno supafudi halikutoka maabara. Linafuatiliwa hadi miaka ileile ya Vita Kuu ya Kwanza, kwenye matangazo ya United Fruit Company ya Marekani, kampuni iliyokuwa inalima ndizi Amerika ya Kati na ilihitaji Wamarekani wazile kila siku. Mwaka 1917 kampuni hiyo ilichapisha kijitabu kilichokusanya maoni ya madaktari na wanasayansi kuhusu ubora wa ndizi: ni nafuu, zinapatikana kila mahali, ni rahisi kusagika tumboni, na maumbile yenyewe yamezifunga kwenye ganda lisiloingiza vijidudu. Mwaka huohuo wa 1917 ndipo Waingereza walipofanya msako mkubwa kuliko yote wa kukusanya wapagazi Afrika Mashariki. Huku mla ndizi anafia njiani kwa kulishwa mahindi, kule ndizi inavishwa taji.

Ndizi ilipata hata ushahidi wa hospitali. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa wa siliaki, waliokuwa wanadhoofika na kufa kwa kuharisha, walipona kwa mlo wa ndizi. Na kweli walipata nafuu. Ilipita miaka ishirini na zaidi kabla daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, hajaonyesha kwamba kilichowaumiza watoto wale kilikuwa ngano. Mlo wa ndizi uliwasaidia kwa sababu haukuwa na mkate ndani yake. Sifa ilikwenda kwa kilichoongezwa, na sababu ilikuwa kile kilichoondolewa. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara namfikiria dada yangu.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo la neno hilo mapema. Tangu Julai 2007 mfanyabiashara wa huko haruhusiwi kuandika supafudi kwenye bidhaa bila kuambatanisha dai mahususi la kiafya lililothibitishwa na kuidhinishwa. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, Juni 2008, Umoja huohuo uliidhinisha kitu kingine kinachotuhusu zaidi: unga wa tunda la mbuyu, kama "chakula kipya". Marekani wakafuata mwaka 2009.

Chakula kipya! Ubuyu tuliokuwa tunaununua getini baada ya shule, tukarudi nyumbani na ndimi nyekundu.

Ubuyu unaofika Kariakoo hutoka kwa wingi Dodoma, na historia ya Dodoma na mti huo haina utamu wa sukari na iliki. Wakati wa vita vilevile vya wapagazi, majeshi yote mawili, kwanza Wajerumani kisha Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Mwanahistoria Gregory Maddox amekadiria kwamba iliua watu 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000. Mmoja kati ya watano. Katika nchi ile kavu mbuyu ndio mti ambao watu hukimbilia ghala likiisha: majani ni mboga, unga wa tunda ni uji, mbegu hukaangwa na kutwangwa. Kwa miongo mingi ubuyu ulikuwa na sifa hiyo, chakula cha mwaka mbaya, na mtu mwenye mahindi ndani hakuusifia mbele ya wageni.

Kisha, mwaka 1947, mabuldoza yakafika Kongwa. Uingereza ilikuwa imetoka vitani tena, haina mafuta ya kupikia, na serikali yake ikaamua kwamba Tanganyika italima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Mibuyu ilikuwa kero kubwa. Mashine zilivunjika kwenye mashina yake, na nyuki waliokuwa kwenye mapango ya miti ile waliwashambulia wafyekaji hadi wengine wakapelekwa hospitali. Udongo wa Kongwa jua likiwaka ulikuwa mgumu kama sakafu, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Walikuwa wanang'oa mti wenye mbegu za mafuta ili wapande mbegu za mafuta. Leo mafuta ya mbegu za ubuyu yanauzwa Ulaya kwenye chupa ndogo kwa ajili ya kupaka usoni.

Je, ubuyu una kitu? Unacho. Vipimo vya vitamini C kwenye unga wake hutofautiana sana kati ya mti na mti, kuanzia kama miligramu 150 hadi karibu 500 kwa gramu 100, wakati chungwa lina kama 53. Una nyuzinyuzi nyingi, una kalsiamu. Lakini hayo ni ya unga mkavu ulioanguliwa tu kutoka kwenye mbegu. Ule mwekundu tunaoupenda umepikwa kwenye shira ya moto, na vitamini C ni ya kwanza kukimbia moto. Linalobaki kwa wingi ni sukari. Halafu, hakuna mtu anayekula gramu 100 za ubuyu mkavu kwa mkao mmoja. Anayeuza hulinganisha gramu kwa gramu. Sisi tunaokula huhesabu kijiko na chungwa zima.

Hesabu hiyo ndiyo niliyoifanya kwa mlonge, nikiwa nimekaa kwenye benchi karibu na Kanisa la Azania Front, meli ya Zanzibar ikipiga honi.

Mlonge, au mzunze kama wengine wanavyouita, asili yake ni vilima vya chini ya Himalaya, kaskazini mwa Bara Hindi. Uko pwani yetu tangu zamani. Wahindi wa mjini hupika maganda yake marefu kwenye mchuzi, na mbegu zake zilizopondwa huweza kutuliza tope kwenye maji. Sifa zake za sasa zina chanzo kinachojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani aitwaye Lowell Fuglie, akifanya kazi na shirika la makanisa nchini Senegal, alitafuta kitu cha kuwasaidia watoto na wajawazito wa vijijini wenye utapiamlo, akauona mlonge uani mwa watu. Kusudi lake lilikuwa jema, na kitabu chake cha 1999 kilisambaza jedwali ambalo sasa liko kwenye kila kopo duniani: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi.

Hiyo mara saba ya chungwa inahusu majani mabichi, na ilitoka kwenye vipimo vilivyotaja miligramu 220 kwa gramu 100. Jedwali hilohilo linaonyesha kwamba majani yakishakaushwa na kuwa unga, vitamini C hushuka hadi kama 17. Na hata kwa majani mabichi, Idara ya Kilimo ya Marekani ilipopima ilipata takriban miligramu 52, yaani sawa na chungwa. Katika majedwali hayo ya Marekani mchicha mbichi una vitamini C kama 43 na kalsiamu kama miligramu 215, huku mlonge mbichi ukiwa na kalsiamu 185. Mlonge unauzidi mchicha kwa madini ya chuma, kama 4 kwa 2.3, na kwa protini. Ni mboga nzuri kabisa. Ni jirani wa mchicha.

Kisha nikahesabu lililonipeleka Kariakoo. Tuseme unga wa mlonge una miligramu 28 za madini ya chuma kwa gramu 100, kama jedwali la Senegal linavyosema. Kijiko cha chai kina kama gramu 3. Hiyo ni chini ya miligramu moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 kila siku kwa vidonge, pamoja na foliki asidi. Ili dada yangu afikie hiyo 30 kwa unga peke yake, angehitaji zaidi ya gramu 100 kwa siku, vijiko kama thelathini na tano. Kopo lingekwisha siku ya tatu asubuhi. Na chuma cha majani mwili haukifyonzi chote. Sehemu kubwa hupita bila kuguswa, hasa mtu akinywa chai ya rangi pamoja na chakula. Dada yangu hunywa chai ya rangi na kila kitu. Alikuwa anakunywa pia juisi ya rozela glasi mbili kwa siku, kwa sababu ni nyekundu na damu ni nyekundu.

Simcheki. Asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, na kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 59. Hao wote hawawezi kuwa wajinga. Kidonge kinaumiza tumbo, hakina hadithi, na hukabidhiwa dirishani na mtu aliyechoka. Unga una hadithi, una babu zetu, una jani zuri kwenye kopo, na muuzaji ana muda wa kukuita mdogo wangu. Kama ningekuwa yeye ningechagua unga.

Kuna wakati taifa hili lilijaribu kushindana na muuzaji kwa silaha yake mwenyewe, yaani maongezi. Mwaka 1973 Bunge lilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ambayo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Ocean Road, siku hizi Barabara ya Barack Obama, mwendo mfupi kutoka kwenye benchi nililokalia. Mwaka huohuo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwaweka watu kama milioni mbili kwenye vikundi, wakisikiliza kipindi, wakijadiliana, wakachimba vyoo. Ukame wa 1973 na 1974 ukaja, nchi ikaagiza nafaka kutoka nje, na mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, juu ya lishe. Watu walikaa chini ya miembe wakaulizana nini kinaliwa nyumbani, nani anapakuliwa kwanza, mtoto anakula mara ngapi. Desemba mwaka huohuo wa 1975 Mwalimu Nyerere alifungua jengo jipya la Soko la Kariakoo, lile la mapaa kama miavuli, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli. Kwa mwaka mmoja redio ilitufundisha kula na soko likajengewa nyumba. Sijui kama kuna aliyeona vitu hivyo viwili kwa pamoja wakati ule. Mimi niliviona kwa kusoma tarehe.

Iringa walikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1983, vijiji 168 vya mkoa huo viliingia kwenye mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, mbele ya wazazi na serikali ya kijiji, na mtoto akipungua swali halikuwa "mpe nini" bali "kwa nini". Majibu yalikuwa mengi: mama analima siku nzima na mtoto anakula mara mbili tu, uji ni mwepesi mno, maji si salama, malaria haikutibiwa, baba ameuza mahindi yote. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Kutokana na kazi ile UNICEF ilichora mwaka 1990 mchoro wa sababu za utapiamlo ambao wanafunzi wa lishe wanausoma dunia nzima: chakula, matunzo na afya, na chini yake umaskini na maamuzi ya wakubwa. Hakuna mmea wa miujiza kwenye mchoro ule.

Ni huzuni, basi, kwamba katika utafiti wa 2022, wakati udumavu wa watoto kitaifa umeshuka hadi asilimia 30, Iringa na Njombe zilibaki juu ya asilimia 50. Ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi. Malori yake ndiyo yanayoshusha Kariakoo usiku. Chakula kinaondoka, hela inaingia, na sahani ya mtoto inabaki na ugali mweupe. Nilipoiona takwimu hiyo nilirudi kwa wapagazi bila kutaka. Watu wanaobeba chakula cha wengine na kula unga.

Jioni nilishuka Feri, nikanunua dagaa, kisha nikapitia mchicha kwa mama mmoja karibu na kituo. Nikafika kwa dada na mifuko mitatu. Nilimpa kopo lake, maana hela ilikuwa yake, nikamwambia muuzaji amekwama kwenye ugonjwa wa saba. Tulicheka. Kisha nikamtolea daftari nikamwonyesha hesabu ya vijiko thelathini na tano.

Alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo umetembea mjini kutwa nzima kuja kuniambia nimeze vidonge."

"Nimetembea mjini kutwa nzima," nikasema.

"Vinaniumiza, wewe. Wewe hujawahi kuvimeza."

Alikuwa na haki, na sikuwa na tarehe ya kumjibu. Tulipiga simu kwa muuguzi mmoja tunayemfahamu. Hakumgombeza. Alimwambia ameze usiku kabla ya kulala, baada ya chakula kidogo, na chungwa, asinywe chai karibu na muda huo, na choo kikifunga aongeze maji na mboga. Kuhusu mlonge alisema kijiko kwenye uji hakina ubaya, ila asiguse mizizi wala magome yake akiwa mjamzito. Alisema pia kwamba choo kikiwa cheusi asiogope. Dada akanitazama. "Hilo ndilo lililonitisha," akasema. "Nilidhani navuja damu ndani." Wiki nzima alikuwa na hofu hiyo na hakumwambia mtu.

Baada ya wiki tano kipimo kilikuwa 10.4. Dada anasema ni mlonge. Mama, ambaye hatimaye alijua kila kitu, anasema ni maombi. Mimi nasema ni vidonge, lakini nasema kwa sauti ndogo, kwa sababu usiku ule tulikula ugali wa dona, dagaa wa nazi na mchicha, na dada akaongeza mara mbili. Kopo la kijani bado liko juu ya friji, limebaki kama nusu. Mtoto ametimiza miezi saba sasa, na juzi alionjeshwa uji kwa mara ya kwanza. Dada aliniuliza achanganye nini. Nikamwambia ulezi, karanga zilizosagwa, na dagaa kidogo wa unga.

"Hiyo tu?" akaniuliza. "Supafudi yako iko wapi?"